Kichwa Kilichonyolewa Nusu

Asubuhi ile Wandera alinikalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa, nyuma ya meli, akanifunga taulo shingoni na kuniambia nisitikisike. Nilikuwa nimetoka zamu katika chumba cha injini, masikio bado yananguruma, na nilichotaka ni kulala tu. Lakini kwa Wandera foleni ilikuwa foleni. Ukikosa zamu yako ya kunyolewa ulingoja hadi wiki nyingine, na mkubwa wetu hakupenda vichwa vya ovyo.

Kazi yake hasa ilikuwa redio. Unyozi aliufanya kwa kupenda tu, na kwa sababu kabla ya kuandikwa jeshini alikuwa na kibanda cha kinyozi Riruta, kando ya Naivasha Road, ambacho alimwachia mkewe. Melini tulimwita Kinyozi. Nadhani kuna wenzetu waliosahau kabisa kwamba ana jina jingine.

Siku yenyewe haikuwa na neno. Wakati huo wa vita meli yetu ya doria ilikuwa imekaa mbali kidogo na pwani ya kusini ya Somalia, na tulikuwa tumekaa hapo muda mrefu kiasi cha kugombana juu ya chumvi ya maharagwe. Nguo zilianikwa kwenye vyuma vya ukingoni. Mpishi alikuwa anakaanga vitunguu. Mashua za wavuvi zilitawanyika kati yetu na nchi kavu kama kila siku, na mwenzetu mmoja alikuwa akizitazama kwa darubini huku anapiga miayo.

Wandera alianza upande wa kushoto. Siku zote alianza huko, maana mkono wake wa kazi ulikuwa wa kushoto. Alininyoa huku akinieleza habari za mkewe, Rael, kwamba amenunua kioo kipya kikubwa kuliko ukuta wenyewe, na kwamba yeye akistaafu ataweka viti vitatu na televisheni, na mimi nitanyolewa bure maisha yangu yote mradi nisimletee siasa dukani. Alipomaliza kushoto akapuliza nywele kwenye mashine, akazunguka upande wa pili.

Upande wa kulia hakuugusa.

Sasa imepita miaka kumi na kitu. Naishi Woodley, katika nyumba aliyopanga mama yangu zamani, na ninatengeneza pampu na jenereta za watu. Wateja wangu wengi wako Spring Valley, wenye mabwawa ya kuogelea ambayo hawaogelei. Nikiitwa kurekebisha pampu ya bwawa nafanya kazi nikiwa nimeyapa maji mgongo. Tangu nitoke jeshini sijapanda hata zile boti za kukanyaga za watoto pale Uhuru Park.

Kwa hiyo binti yetu Njeri, ambaye ameajiriwa katika ofisi moja ya safari huko Westlands, alipotuletea tikiti mbili za meli ya kitalii kutoka Mombasa hadi Zanzibar na kurudi, nilishukuru kama mzazi anavyopaswa kushukuru, halafu nikaenda kukaa chooni. Mama Njeri alikuwa ameitamani safari hiyo siku nyingi. Kufikia Jumapili kanisa zima lilikuwa linajua, na alikuwa amenunua kofia yenye ukingo mpana ambayo haikuingia katika sanduku lolote letu. Sikuwa na moyo wa kumkatalia. Nilikuwa nimeamua tu, kimya kimya, kwamba siku ya safari goti langu bovu litazidi, na yeye ataenda na dada yake.

Siku moja kabla ya safari nilienda Riruta kunyolewa.

Kinyozi wangu ni Rael. Amekuwa akininyoa tangu nywele zangu zilipoota tena baada ya hospitali. Kibanda kimekuwa duka lenye viti viwili, na kile kioo kikubwa bado kipo, kimepasuka pembeni. Miaka yote hiyo tumeongea habari za bei ya unga, za mwanawe Brayo, za mhubiri wa jirani anayepiga kelele. Habari za mumewe hatukuongea. Mtu atadhani nilimficha. Sikumficha. Mimi wakubwa wangu niliwaeleza nilichoona, lakini kwa kuwa mwili haukupatikana, ujumbe uliomfikia yeye ulisema kwamba haonekani, na hilo lilikuwa kweli. Hakuniuliza zaidi. Alikaa na lile neno, haonekani, akaishi nalo kama mtu aliyeachiwa mlango wazi.

Alikuwa na sababu yake. Wandera alikulia Busia, upande wa ziwani, na hapakuwa na mtu katika meli yetu aliyeogelea kumfikia. Rael alijua hivyo kuliko sisi. Mtu anayeogelea vile hawezi kufa maji, ndivyo alivyojiambia. Atakuwa ameokotwa na wavuvi. Atakuwa amefungwa mahali.

"Shemeji," alisema siku hiyo, mashine ikiwa nyuma ya sikio langu, "hiyo meli yenu inapita kule?"

"Inaenda Zanzibar. Kule ni upande mwingine kabisa."

"Lakini si maji ni moja tu?"

"Ni maji moja."

Alizima mashine. Dukani hapakuwa na mteja mwingine, ila kijana mmoja mlangoni aliyekuwa akingoja simu yake ipate chaji.

"Brayo anataka kuoa," akasema. "Msichana ni wa huku Kawangware, mtoto mzuri, na wazazi wake wamekubali. Lakini wazee wa nyumbani wamekataa kupeleka ng'ombe. Wanasema huwezi kuoza kijana na baba yake hajazikwa. Wanataka kukata mgomba."

Hilo nilikuwa nimelisikia kwa Wandera mwenyewe, zamani, wakati tulipokuwa tunapigana na usingizi. Kwao mtu akipotea na mwili usipatikane, hukatwa mgomba, shina lake likafungwa shuka, likawekwa katika jeneza na kuzikwa nyumbani kwa matanga kamili. Baada ya hapo mke ni mjane, na watoto wanaweza kuendelea na maisha yao. Kabla ya hapo kila kitu katika boma kimesimama.

"Wamekuja mara ngapi na hiyo maneno, nimewafukuza," Rael akaendelea. "Sasa wamesema Jumamosi. Kesho jioni niwaambie ndio ama hapana. Nikisema hapana, Brayo ataoa kama mwizi. Nikisema ndio, na siku moja huyo mtu aingie hapa kwa mlango, itakuwa ni mimi nimemzika akiwa hai."

Niliona uso wangu kwenye kioo na sikuupenda.

"Kesho mkienda kwa treni, mtapitia pale kwa jiwe la majina?"

"Mama Njeri anataka tupite tuombe."

"Nitakuja. Kuna kitu nataka kukuuliza, na sitaki kukuulizia hapa kwa duka yake."

Akawasha mashine tena. Niliogopa. Nasema wazi kwamba niliogopa kuliko nilivyoogopa meli, kwa sababu nilijua atakachouliza, na jibu lake nilikuwa nalo mdomoni miaka yote kama kipande cha chakula ambacho huwezi kumeza wala kutema mbele za watu.

Jiwe lenyewe liko katika bustani ndogo nyuma ya maofisi, katikati ya mji, si mbali na stesheni ya reli. Ni ukuta mfupi wa mawe meusi wenye majina ya wanamaji waliokufa au kupotea vitani, na mbele yake imewekwa nanga ya zamani iliyopakwa rangi nyeupe. Ukumbusho wa bahari katika mji ambao hata maji ya mfereji huja yakipenda. Watu wa ofisini hulia chipsi zao za mchana pale. Mwuza soksi mmoja hutundika bidhaa yake kwenye mkono wa nanga, maana uko kimo kizuri. Aliponiona nimevaa kofia yangu ya zamani ya kazi, aliziondoa soksi bila kuambiwa.

"Pole mzee," akasema, akasogea kando.

Mama Njeri aliketi kwenye benchi na masanduku yetu mawili, kofia yake mapajani. Alikuwa ameshaomba. Upande wa pili wa bustani mhubiri wa mchana alikuwa anaonya mji mzima kwa kipaza sauti kidogo. Goti langu lilikuwa linauma kweli, sasa kwa kuwa nilihitaji liume.

Rael alikuja amevaa nguo za kanisa. Alitusalimu, akamkumbatia mke wangu, kisha akatoa kitambaa mkobani na kulipangusa jina la mumewe, herufi moja moja, kama anavyopangusa kiti mteja akiondoka. Alipomaliza aligeuka.

"Mimi nimeambiwa vitu mingi, shemeji. Kuna mtu alikuja kwa duka akaniambia ameona mwanaume anafanana na yeye, anachunga mbuzi huko Somalia. Nikamwamini. Mchungaji mwingine akaniambia nifunge siku tatu. Nikafunga. Sasa nimechoka. Wewe ndiye ulikuwa hapo. Niambie tu. Akianguka kwa maji, aliogelea?"

Mke wangu aliinua uso. Yeye pia hakuwa amewahi kusikia.

Hivi ndivyo ilivyokuwa.

Wandera alikuwa amezunguka upande wangu wa kulia. Mashine ilikuwa inalia karibu na sikio langu.

Mwenzetu wa darubini akasema, "Hii moja inakuja huku." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa.

Wandera aliinua mashine ili atazame.

Mlio wa kwanza nilidhani ni sufuria imeanguka jikoni.

Halafu vyuma vya ukingoni vikaanza kuchanika.

Mimi nilikuwa nimekaa. Yeye alikuwa amesimama. Tofauti yetu ilikuwa hiyo tu, na nimeitafutia nyingine miaka yote sijaipata.

Risasi zilipita juu yangu. Moja ilimpata shingoni. Aliniangukia mgongoni, kidevu chake begani kwangu. Mashine ilianguka kwenye sitaha ikaendelea kulia, kwa kuwa ilikuwa ya betri.

Nilimshika mkono. Nilimwita Kinyozi, Kinyozi. Pumzi moja ilinipita sikioni, ndefu. Nilingoja nyingine. Haikuja.

Roketi ilipiga maji karibu nasi. Nahodha akaigeuza meli ghafla kwa nguvu, sitaha ikalala upande. Kitu cha moto kikaniingia gotini, na mkono wake ukaniponyoka. Aliteleza pale ukingo ulipokuwa umevunjika, akaingia majini kifudifudi.

Hakupiga hata mkono mmoja.

Wenzetu walikuwa wamefika kwenye bunduki kubwa. Mashua ile ikawaka, na yote yakaisha kabla vitunguu vya mpishi havijaungua. Tulizunguka mahali pale hadi giza. Tulipata kofia na ubao wa mashua. Walinitia katika chumba cha wagonjwa nikiwa na taulo shingoni, kichwa kimenyolewa upande mmoja, na vile ndivyo nilivyoshushwa Mombasa. Pale hospitalini muuguzi alitaka kuumalizia upande wa pili. Nilimkatalia kwa hasira, akafikiri nimechanganyikiwa. Labda nilikuwa nimechanganyikiwa. Mke wangu alipokuja kuniona kutoka Nairobi, aliona kile kichwa akacheka, halafu akalia, na hakuuliza.

Rael nilimwambia kwa maneno machache kuliko haya.

"Hakuogelea, shemeji. Alifia mikononi mwangu kabla hajafika majini. Risasi ilimpata hapa. Ilikuwa mara moja."

Alibaki ameshika kile kitambaa. Mhubiri alikuwa amefika kwenye sadaka.

"Hakukunywa maji?"

"Hapana."

"Hakuita mtu?"

"Hakupata nafasi."

Alikwenda akaketi kwenye benchi karibu na Mama Njeri, ambaye alisogeza masanduku ampishe. Hakulia kwa sauti. Machozi yalishuka tu, naye akayaacha yashuke.

"Unajua," akasema, akimwambia mke wangu na si mimi, "nilikuwa namwona kwa ndoto. Anaogelea. Kila usiku anaogelea tu, hafiki mahali. Naamka nimechoka mikono, ni kama ni mimi nilikuwa kwa maji. Miaka yote hiyo." Alijipangusa uso kwa kitambaa kilekile cha jiwe. "Kumbe alikuwa amepumzika kitambo."

"Alipumzika siku ileile," nikasema.

Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi. Nilikuwa nimejitayarisha aniulize kwa nini nilikaa katika kiti chake miaka yote nikiongea bei ya unga. Badala yake alinitazama kichwani, kwa lile jicho lake la kazi.

"Na wewe alikuwa amekumaliza?"

"Kunyoa? Alikuwa amemaliza kushoto."

Alisimama, akaja, akaweka kiganja chake upande wangu wa kulia, juu ya sikio. "Huku ndio hakufika?"

"Ndio huko."

"Ndio maana," akasema. "Kila mara nikifika hapa unashika kiti na mikono yote mbili. Nilidhani mashine yangu inakuchoma. Nimebadilisha mashine mara tatu juu yako."

Mimi sikujua kwamba ninashika kiti. Kile kiganja kilikuwa cha moto, na kilikaa hapo mbele ya mke wangu, mbele ya mwuza soksi na watu wa chipsi, na ndipo na mimi nikalia. Sikuwa nimelia hospitalini, wala siku walipozindua lile jiwe kwa tarumbeta.

Halafu Rael akatoa simu na kumpigia shemeji yake mkubwa huko Busia. Aliongea kwa lugha yao, lakini neno la mwisho alilisema kwa Kiswahili, labda ili na sisi tulisikie.

"Kateni mgomba."

Akairudisha simu mkobani. Kisha akaniambia kilichobaki. Kabla ya mgomba kuzikwa, ni lazima mtu aende mahali mwenyewe alipobaki, amwite, amwambie twende nyumbani. La sivyo wanazika shina tupu. Yeye hana njia ya kufika baharini kabla ya Jumamosi. Mimi nina tikiti.

"Mimi si wa ukoo wenu," nikasema. "Mimi hata hizi mila sizijui. Huko kwetu tunaomba tu."

"Wewe ndiye alikuacha mwisho. Na mimi pia naomba, shemeji. Nitaomba na utamwita. Hiyo haidhuru."

"Basi nitamwita."

"Utamwitaje?"

"Wandera."

Alitikisa kichwa. "Hiyo ni ya kitambulisho. Huko kwetu hao Wandera ni wengi, hatageuka. Na usimwite Kinyozi, hiyo ni yenu ya jeshi." Alikaribia, kana kwamba mwuza soksi asisikie. "Nyanya yake alimwita Egesa. Alizaliwa wakati wa mavuno. Hiyo ndiyo ataitika. Simama nje, mahali unaona maji, useme, Egesa, twende nyumbani. Sema kwa sauti. Usiogope hao wazungu wa meli."

Tulikaa na mtu huyu katika chombo kimoja, tukala sufuria moja, nikamshika mpaka pumzi ya mwisho, na wakati huo nilikuwa ninamwita jina ambalo lisingemgeuza. Sikumwambia Rael hivyo. Alikuwa amebeba ya kwake.

Tulipoagana alimshika mke wangu mkono. "Mama Njeri, usimwache ajifungie kwa chumba."

"Atatoka," akasema Mama Njeri.

Nimeshafikiria mara nyingi ile vita ilituachia nini. Mimi iliniachia goti na uhai. Brayo ilimwachia baba wa kusimuliwa. Rael ilimwachia miaka ya kuogelea usiku bila kufika. Kuna watu husema ilikuwa lazima, na huenda ni kweli. Mimi sina nguvu tena za kubishana juu ya hilo. Ninachojua ni kwamba Jumamosi wanaume watashusha jeneza lenye shina la mgomba, na wanawake watalilia kama mtu, na haitakuwa uongo.

Niliinua sanduku moja, nikalitazama la pili.

"Goti?" Mama Njeri akauliza. Sikuwa nimemwambia neno lolote kuhusu goti na safari. Inaonekana hakuhitaji kuambiwa.

"Linauma."

"Najua linauma. Lete hilo dogo nibebe mimi."

Tukashika njia ya stesheni. Nilipogeuka, soksi zilikuwa zimerudi kwenye nanga, na Rael alikuwa bado amesimama mbele ya ukuta, mkoba begani, mikono mitupu. Mhubiri alikuwa amenyamaza. Tulipofika kwenye kona, palipokuwa na watu wachache, nililijaribu lile jina kwa sauti ya chini.

"Egesa," nikasema. "Twende nyumbani."

Mama Njeri hakusimama, wala hakuniuliza ninaongea na nani. Alikuwa ameivaa kofia yake.

"Hivyo hatakusikia," akasema.

Nikarudia.